Sifa za Mzee wa Viatu

Sikumpenda, na yeye hakutaka kupendwa, kwa hivyo tulielewana vizuri kwa miaka mingi. Sisi Wakenya tuliohamia Arlington tulimwita Mzee wa Viatu. Jina lake nalijua, lilikuwa kwenye karatasi zote za agency ya wauguzi wa nyumbani nilizojaza nikimhudumia mkewe, lakini sitalitaja, maana mwenyewe alikataza. "Jina iko msumari ya kwanza," aliniambia siku nilipomwita Bwana Fulani. "Mama yako anagonga hii kwa kichwa yako, halafu maisha yote wewe natundika vitu hapo." Nikamuuliza basi nimwite nani. Akasema, "Ita tu. Mimi nasikia nakuja." Mara nyingi alisikia na hakuja.

Alikuwa Singasinga wa Kenya, wa kilemba cha buluu na ndevu nyeupe zilizofungwa vizuri chini ya kidevu, fundi wa matrela maisha yake yote. Kiswahili chake kilikuwa cha gereji, cha kupigiana kelele mmoja akiwa amelala chini ya lori, na hakukibadilisha hata alipozungumza mambo ya Mungu. Nilimjua kupitia mkewe. Mkewe alipigwa na stroke, upande wa kushoto ukafa, akahitaji mtu wa kumwogesha, kumgeuza na kumpeleka hekaluni Jumapili. Agency ikanituma mimi kwa sababu ya Kiswahili. Huyo nilimwita Mama, na yeye aliniita binti. Mzee aliniita Nakuru, kwa sababu nimetoka Nakuru, na alipogundua kwamba sipendi kuitwa kwa jina la mji akaliongezea sauti.

Sasa viatu. Gurdwara, yaani hekalu lao, haiko mbali na tulikoishi, na nusu ya wanafunzi wetu wa Kenya wamewahi kushibishwa pale bure: dengu, chapati, wali wa maziwa. Unafunika kichwa, unakaa sakafuni, bilionea huku na mfagiaji huku, hakuna anayekuuliza unaabudu nani. Lakini kabla ya kuingia unavua viatu na kuviacha kwenye chumba kidogo cha rafu karibu na mlango. Kukaa kwenye chumba kile, kupokea viatu vya watu na kuvipangusa, ndiyo kazi ya chini kuliko zote, na kwa sababu ni ya chini inahesabiwa kuwa dawa ya kiburi. Mzee aliishika kazi hiyo kila Jumapili. Alikaa kwenye kigoda na brashi na kitambaa, akasafisha kila kiatu kilichoingia, mwenyewe apende asipende, na mara kwa mara alichukua vumbi la kiatu kwa kidole gumba akajipaka kwenye paji la uso.

Siku ya kwanza nilikuwa nimetoka shift moja kwa moja. Nilimsukuma Mama kwenye kiti chake cha magurudumu hadi mlangoni, nikavua viatu vyangu vyeupe vya mpira, vile vya kazi, vilivyo na mambo ya watu wagonjwa pembeni. Nikaona mzee wa umri wa baba yangu anaviinamia. Woi! Kwetu mtu mzima hakushikii viatu, hiyo ni kujitafutia laana. Nikakirukia kimoja. Yeye akashika kisigino, mimi nikashika ncha, tukavutana mbele za watu.

"Mzee, siwezi. Wewe ni mtu mzima."

"Wewe naona aibu kwa mimi ama kwa wewe?"

"Kwa wewe, Mzee."

"Uongo. Wewe nataka watu naona, ooh, huyu mama iko na heshima sana. Hii iko mimi-mimi yako inavuta kiatu."

Nikaachilia. Akakigeuza, akakisogeza karibu na pua, halafu akatangaza kwa foleni nzima: "Hii iko mavi." Watu wote wakaniangalia. Kisha akakisafisha vizuri sana, hata mimi sijawahi kukisafisha hivyo, na akakiweka kwenye rafu kwa mikono miwili.

Mimi-mimi ndilo neno alilolitumia kwa kile kitu ambacho dini yao inasema ndiyo ugonjwa mkubwa wa binadamu. Alinieleza mara nyingi, nikiwa nakunja shuka au nasaga dawa za Mama. Kuna kitu ndani ya mtu kinachosema mimi nimefanya, mimi nimetoa, mimi nimekosewa. Hicho ndicho ukuta kati yako na Mungu, na ni ukuta mwembamba kama ganda la kitunguu, lakini mtu anazaliwa na kufa, anazaliwa na kufa, na hajauvuka. Ukiuvunja ukiwa bado unapumua, umefunguliwa. Hutazaliwa tena. Alisema huko India watawa wengine walikimbilia milimani na misituni kuutafuta ufunguo huo, "lakini wamebeba mimi-mimi kwa mfuko, wakaketi nayo kwa pango." Walimu wao wa Kisingasinga walisema hapana, kaa nyumbani, na mke, na watoto, na kazi, na ufagio, ufunguliwe hapo hapo. Mimi ni Mkatoliki na sina mpango wa kuhama, lakini nasema wazi, nilipenda kusikia hayo. Shida ni kwamba yeye alikaa nyumbani aue mimi-mimi yake, akaanza na ya mkewe.

Mfano ni vioo. Baada ya stroke uso wa Mama ulilegea upande mmoja, mdomo ukashuka. Mzee akaondoa vioo vyote nyumbani, hata cha bafuni, akabakisha misumari. "Uso iko kibao ya duka tu," alisema. "Mwenye duka iko ndani." Mama alikuwa mwanamke wa kujipaka wanja tangu usichana, na alitaka kujiona tu ajue kama nimempaka sawasawa. Nikamletea kioo kidogo ndani ya boksi la glavu. Mzee alikipata kabla ya mwezi kuisha. Hakufoka. Alimkalia kitandani akamuuliza mbele yangu, "Wewe naona nini humo?" Mama akajibu kwa ule mdomo wake mzito kwamba ameona bibi kizee. "Uongo wewe naona," akasema, na akaondoka na kioo.

Lakini kilemba chake mwenyewe, nikwambie, hakikuwahi kukaa upande hata siku moja. Kila mkunjo ulikuwa mahali pake. Nilijiuliza anakifungaje katika nyumba isiyo na kioo, mpaka asubuhi moja nilipowahi kufika nikamkuta uani, amesimama mbele ya kioo cha pembeni cha lori, anakivuta kilemba polepole, anageuza kichwa huku, anageuza huku, anajitazama kama bibi harusi. Nikapiga honi. Hakugeuka, lakini masikio yalikuwa mekundu siku nzima.

Sifa ndiyo aliyoichukia kuliko dhambi zote. "Sifa iko girisi ya mimi-mimi," alisema. "Wewe napaka, inazunguka vizuri zaidi." Waliochangia ujenzi wa gurdwara waliandikwa majina kwenye vipande vya marumaru ukutani, na yeye kila alipovipita alinyosha kidole: "Ona kaburi ya watu iko hai." Kwenye gereji yake alikuwa na fundi mmoja Mrundi wa Haltom City, kijana mkimya, mtu wa misa kila Jumapili. Siku moja Mrundi yule aligundua ubovu wa injini uliowashinda wenzake wiki nzima, na wenzake wakampigia makofi. Mzee akatoka ofisini akampa brashi ya choo. "Leo wewe naosha choo. Hii iko dawa yako." Mrundi akaitazama ile brashi, akaichovya kwenye beseni la oili chafu, akaiweka juu ya meza ya Mzee na kwenda zake. Alifungua gereji yake mwenyewe. Na sasa hapa ndipo mtu huyu anaponichanganya: Mzee alianza kumpelekea wateja. "Enda kwa yule, yeye anajua kushinda mimi," aliwaambia watu, na alisema kweli. Mrundi alipojua akaja kushukuru na kreti mbili za soda, mke na watoto wamevaa nguo za kanisani. Mzee akawafungia mlango, akawaacha wamesimama kwenye jua kali la Agosti mpaka watoto wakaanza kulia.

Hata kwenye mazishi ya mkewe, na hapa naruka mbele kidogo, alikuwa hivyo hivyo. Binti yao alikuwa amekuja kutoka Houston na maneno aliyoyaandika kwenye simu. Alisimama kando ya jeneza kabla mwili haujaenda kuchomwa, akashika kipaza sauti, akasema, "Mama yangu alikuwa—" na baba yake akainuka, akamtoa kile kipaza sauti mkononi taratibu, akakiweka sakafuni. "Tuimbe," akasema. Watu wakaimba. Binti alibaki amesimama na simu yake inawaka, na tangu siku hiyo hajapokea simu ya mtu yeyote wa gurdwara.

Usidhani hakuwa na mimi-mimi. Alikuwa nayo kubwa kama trela, ila aliiegesha mahali ambapo watu hawaangalii. Alipofanyiwa operesheni ya goti, kamati ya gurdwara ikampa kazi ya viatu daktari mmoja mstaafu, mtu mpole. Mzee akapona, akaja Jumapili na mkongojo, akamkuta daktari kwenye kigoda. Nilikuwepo, Mungu shahidi.

"Ondoka," akasema.

Daktari akakunja mikono kifuani. "Niache nami nitumike kidogo, kaka."

"Hii iko kazi ya mtu ya chini."

"Hata mimi ni wa chini."

"Mimi iko chini kushinda wewe!"

Akakikamata kigoda daktari akiwa bado amekikalia. Wakasukumana, wazee wawili wenye ndevu nyeupe, viatu vikaporomoka kutoka kwenye rafu, mtoto mmoja akaanza kupiga video. Mzee alishinda. Tangu siku hiyo alikuwa akiondoka na kigoda kwenye buti la gari lake na kukirudisha Jumapili inayofuata. Mama nilipomsimulia nyumbani alicheka mpaka chozi likatoka jicho moja, lile lililokuwa bado linafanya kazi.

Mama alitaka kitu kimoja tu duniani, na ndicho kinachonifanya nimkumbuke Mzee kwa ubaya. Kwa miaka zaidi ya thelathini alipika chapati: za nyumbani kila siku, na Jumapili zile za gurdwara, mamia, amesimama kwenye bamba la chuma la moto mpaka miguu inavimba. Wageni walizisifu. Kila mgeni aliposifu, Mzee aliinua chapati kwenye mwanga, akaigeuza, akasema, "Hapa imeungua." Kama haikuungua alisema chumvi imezidi. Hakuwahi, hata siku moja, kusema ni nzuri. Mama aliniambia haya nikiwa namsugua mafuta mgongoni, bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

"Binti, mimi sitaki dhahabu. Nataka aseme mara moja tu kwamba chapati yangu ni nzuri. Hata atikise kichwa. Niende nikijua kwamba alizionja."

Wakati huo figo zilikuwa zimeanza kuacha kazi, na sote tulijua anakwenda. Mimi nikasema hili ni jambo dogo, nitaongea naye. Jumapili nikamfuata kwenye chumba cha viatu. Nikachuchumaa mbele ya kigoda, nikamwambia mkeo anaumia, anataka neno moja, mwambie. Aliendelea kupiga brashi kiatu cha mtoto.

"Nakuru, sikiza," akasema. "Huyu mama anaenda. Mlango iko wazi. Miaka yote mimi nafungua kamba moja moja kwa mguu yake. Sasa iko moja tu imebaki, hii ya chapati. Na wewe nataka mimi nafunga tena?"

"Hiyo si kamba, Mzee. Ni mkeo."

"Mimi nasema chapati iko nzuri, yeye anakufa na chapati kwa mkono. Anarudi tena hapa dunia, kupika." Akainua macho, na nikaona yamelowa. "Wewe unafikiri mimi iko na jiwe hapa? Mimi nataka yeye nafunguliwa. Kabla ya mimi."

Hayo macho ndiyo yaliyonikasirisha kabisa. Mtu katili tu ningemwelewa, nimewahudumia wengi. Huyu aliamini. Alikuwa anamnyima mkewe neno moja kwa mapenzi, na mapenzi hayo yalikuwa yanamuua mtu kabla ya figo.

Mama aliponiuliza amesema nini, nilimwambia atafikiria. Mama hakuwa mjinga. Akasema, "Niletee unga." Nikamwekea sinia mapajani, unga, maji, mafuta kidogo, nikampandisha mito nyuma ya mgongo. Akakanda kwa mkono mmoja. Ilichukua asubuhi nzima, alipumzika, akakanda tena, jasho likimtoka. Nilitaka kumsaidia kuisukuma akanipiga kofi mkononi. Chapati ilitoka imepinda, nene upande mmoja, na nilipoichoma ilifura katikati vizuri kabisa, ikanukia nyumba nzima. Nikaipaka siagi nikampelekea Mzee mezani. Sikumwambia nani ameipika. Mlango wa chumba cha Mama niliuacha wazi ili asikie.

Aliijua. Mtu aliyekula chapati za mkono wa mtu mmoja miaka yote hiyo hawezi kukosa kuijua, na huo upindo ulisema kila kitu. Aliikata vipande vidogo akaila yote, bila mboga, bila chai. Akapangusa sahani na kipande cha mwisho. Akafumba macho kwa muda, na mimi, mjinga wa kwanza, nikaanza kuomba Salamu Maria kimoyomoyo. Kisha akasukuma sahani.

"Nakuru," akasema kwa sauti, mlango ukiwa wazi, "kesho weka maji kidogo zaidi."

Nilirudi chumbani. Mama alikuwa ameugeuzia ukuta ule uso wake uliobaki. Nilimuuliza kama anataka kugeuzwa akasema hapana. Wiki hiyo haikuisha, alikufa mchana, nikiwa namnywesha maji kwa kijiko. Mzee alikuwa gereji. Alipofika alimfunika miguu na shuka, akakaa naye mpaka gari likaja, na hakusema neno ambalo mimi nililisikia.

Baadaye kidogo sukari ikamla mguu. Walikata wa kulia chini ya goti, gereji ikauzwa, na yule binti, ambaye hakuwa na sababu hata moja ya kumsaidia, akamchukua kwake Houston, upande wa Alief. Kigoda kilibaki gurdwara. Mimi nilikuwa nimepata wateja wengine, lakini Jumapili moja moja nilikuwa bado napita kula, na ndipo katibu wa gurdwara akanishika mkono. Alikuwa amesikia naenda Alief kwa harusi ya rafiki yangu. Walikuwa wametengeneza upya chumba cha viatu, akasema, na wameweka kipande cha marumaru mlangoni chenye jina la Mzee, na chini yake maneno ya kusema kwamba hapa alikaa mtu aliyetufundisha unyenyekevu. Aliyelipigania jambo hilo ni yule daktari aliyesukumwa kwenye kigoda. Katibu akanitumia picha kwenye simu.

"Binti yake hapokei simu zetu," akasema. "Muonyeshe wewe. Mwambie watu wanalia wakipita pale. Mwambie hatujapata mtu kama yeye."

Nika-drive zile saa nne za barabara ya I-45 na picha ile kwenye simu, nia yangu ikiwa nyeupe kabisa. Naapa. Nilisema moyoni, ni mzee, ni mgonjwa, mpe furaha yake, yaliyopita yamepita.

Binti alinifungulia mlango, mikono ina unga. Nikavua viatu. Mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, kilemba kimefungwa na mtu mwingine, na kilikuwa kimekaa upande. Binti alipiga magoti amvalishe soksi ya ule mguu uliobaki, na yeye akatazama dari muda wote, taya limekaza, kama mtu anayeibiwa hadharani. Hakusema asante. Binti akarudi jikoni, nikasikia anasukuma chapati.

"Nakuru," akasema. "Kigoda yangu nani anakalia?"

"Wanabadilishana, Mzee."

"Wanajua kupangusa chini? Kisigino?"

"Wanajua."

Akatazama simu iliyokuwa mkononi mwangu. Nilikuwa tayari nimeifungua, picha iko pale, ilibaki kugeuza mkono tu.

"Watu nasema nini huko?"

"Juu ya nini?"

"Juu ya... Juu ya mimi."

Miaka yote ile sikuwahi kusikia neno hilo likimtoka bila kulitema. Na alilisema kwa sauti ndogo, akiniangalia mdomo, vile Mama alivyokuwa akitega sikio kitandani siku ile ya chapati. Sijui kilichonipata. Najua, wacha nisijifanye. Nilimwona Mama amegeukia ukuta, na ile nia yangu nyeupe ya I-45 ikaisha papo hapo. Nikazima simu nikaitia mfukoni.

"Mzee, si wewe ulisema sifa ni girisi?"

Akacheka kidogo. Alidhani natania. "Ndiyo. Lakini wewe sema tu. Mimi mzee sasa. Kidogo tu."

"Sina la kusema, Mzee."

Alikuwa mtu wa akili, akaelewa tunazungumzia nini. Kule jikoni kusukuma kulikuwa kumekoma.

"Chapati yake ilikuwa nzuri," akasema. "Nzuri sana. Kushinda ya mama yangu. Ile ya mwisho, ile ya mkono moja, hiyo ilikuwa nzuri kushinda zote." Machozi yakaingia kwenye ndevu. Kisha akanyosha kiganja kwangu, kama mtu aliyemaliza kulipa na anasubiri mzigo wake. "Haya. Mimi kwisha sema. Sasa wewe sema."

Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kisukumio mkononi. Anajua Kiswahili, alisoma Kenya. Nyuma yake kitu kilikuwa kinaungua na hakukishughulikia.

Niliinuka. Nikarekebisha kilemba chake, hiyo nilimfanyia, kikakaa sawa.

"Kesho weka maji kidogo zaidi, Mzee," nikamwambia.

Sikungoja kuona uso wake. Mlangoni nilivaa viatu vyangu na vumbi lake lote, na binti akanifungulia bila kuniuliza kitu na bila kuniaga. Nilipofika kwenye gari nilimsikia ndani, sijui kama analia au anamfokea baba yake. Harusini nilicheza mpaka mwisho.

Jumapili iliyofuata katibu alinisubiri kwenye kile kile chumba cha viatu, daktari yuko kando yake.

"Ulimwonyesha?"

"Nilimwonyesha."

"Akasema nini?"

Nilikuwa nimepata saa nne za barabara kulifikiria hilo swali. "Alikasirika," nikasema. "Alisema hiyo ni kaburi ya mtu aliye hai. Alisema mtoe jina."

Katibu akafunika uso kwa mikono. Daktari akatikisa kichwa polepole, machozi yanamtoka, akasema kwamba hakika huyo amefunguliwa, hata sasa, hata bila mguu, hataki sifa. Walimleta fundi kabla ya Jumapili nyingine, akasaga jina na maneno yote mpaka jiwe likawa laini.

Mzee alikufa huko Houston kabla ya mwaka kuisha. Sijui kama mazishini binti alimwambia mtu amsifu, sikualikwa. Lile jiwe bado liko mlangoni, jeupe, halina herufi hata moja, na kila mtu anayeingia analigusa kwa vidole na kuvipeleka kwenye paji la uso, na kuwaeleza watoto wake juu ya mzee aliyekataa jina. Mimi nalipita na viatu vyangu mkononi, naenda jikoni kusaidia kusukuma chapati.